Mwalimu si Askari

Mwaka 1990 Bunge la Marekani lilipiga marufuku kuchukua bunduki shuleni na katika eneo la futi 1,000 kuizunguka shule. Mahakama ya Juu iliitengua sheria hiyo mwaka 1995. Mwaka uliofuata Bunge liliitunga upya, lakini likawaachia mlango wenye leseni za majimbo.

Mwaka 2024 jimbo la Tennessee liliruhusu walimu kuingia darasani na bastola iliyofichwa, baada ya mafunzo ya saa 40 na kibali cha wakuu wao na polisi. Wazazi hawaambiwi ni mwalimu yupi mwenye silaha.

Watetezi wa sheria hiyo hudai kwamba mwalimu atawahi kabla ya polisi. Lakini huko Uvalde, Texas, mwaka 2022, askari walikwisha kufika, wakasita kwa zaidi ya saa nzima kumkabili muuaji mmoja. Watoto 19 na walimu 2 waliuawa.

Ikiwa askari wa kazi husita, mwalimu wa saa 40 atazamiwe kufanya nini? Muuaji yule, kijana wa miaka 18, alipata bunduki zake dukani kwa halali. Hapana budi ulinzi wa shule uanzie dukani hapo, wala usitupwe mabegani mwa mwalimu.