Bei ya jitu la Devastator imo katika ngumi zake

SOKO la midoli ya zamani ya roboti huko Marekani, Uingereza na Japani lina kosa moja la hesabu ambalo wanunuzi wapya hawachoki kulirudia. Mtu anataka jitu liitwalo Devastator, ambalo huundwa kwa kuunganisha roboti sita. Anaulizia bei ya roboti moja iliyotumika, anazidisha kwa sita, anaona kiasi hicho anakimudu, kisha anaanza kununua moja moja kadiri fedha zinavyopatikana. Anapofika ya sita anagundua kwamba ana mitambo sita mizuri ya kupanga kabatini, na jitu hana.

Devastator ilitolewa na kampuni ya Hasbro ya Marekani mwaka 1985, mwaka mmoja baada ya kuanzisha Transformers kwa kutumia midoli iliyobuniwa na Takara ya Japani. Kila roboti hugeuka kuwa mtambo wa ujenzi: Bonecrusher ni katapila, Scavenger ni kijiko cha kuchimbia, Scrapper ni shoveli, Hook ni winchi, Long Haul ni tipa na Mixmaster ni lori la kuchanganyia zege. Zikiunganishwa, Mixmaster na Scrapper huwa miguu, Long Haul huwa kiuno, Hook kifua na mabega, Bonecrusher na Scavenger mikono.

Lakini mikono hiyo haina viganja. Ngumi, bamba la kifua na bunduki kubwa ya jitu ni vipande vya pembeni, na kwa aliyenunua roboti moja moja vilikuja vimegawanywa katika paketi mbalimbali. Mtoto aliyenunuliwa katapila peke yake hakuwa na sababu ya kutunza kipande ambacho hakina kazi mpaka zipatikane tano nyingine. Vipande vikaingia chini ya makochi, vikafagiliwa, vikatupwa. Roboti zenyewe ziliokoka kwa wingi kwa kuwa zilichezeka bila hivyo. Ndiyo maana ngumi ya plastiki isiyozidi kidole gumba inaweza kumsumbua mnunuzi kuliko katapila zima.

Wauzaji wanalijua hilo vizuri. Seti kamili ikiingia mikononi mwa mchuuzi mjanja, huivunja. Kila mfanyabiashara wa vipuri vya magari anaelewa kwa nini: gari lililochakaa huleta fedha nyingi zaidi likiuzwa taa kwa taa na mlango kwa mlango. Biashara hiyo ni halali. Hata hivyo, kila seti inayovunjwa inapunguza idadi ya majitu kamili na kuongeza idadi ya watu wanaotafuta kipande kimoja kwa bei yoyote, na mwenye kipande cha mwisho hana haja ya kupunguza hata senti.

Isidhaniwe kwamba lawama yote ni ya wachuuzi. Mwaka 1992 mitambo hiyo iliuzwa tena barani Ulaya ikiwa na rangi ya njano, safari hii bila vipande vya kuunganishia. Iligeuka roboti kama kawaida, lakini kuunda jitu haikuwezekana. Mwaka uliofuata, Marekani ilipata toleo la njano lenye vipande vyake. Leo anayeona Hook ya njano mnadani hawezi kujua kwa rangi peke yake kama anatazama sehemu ya jitu au winchi tu.

Mwaka 2015 kiwanda kilionyesha kwamba kinafahamu sana nguvu ya kipande kinachokosekana. Katika mfululizo wa Combiner Wars, jitu la Superion, ambalo tangu zamani huundwa na ndege tano, lilitoka bila Slingshot. Nafasi yake ikachukuliwa na helikopta mpya iitwayo Alpha Bravo. Menasor nayo ikamkosa Wildrider, akawekwa Offroad. Waliokosekana waliletwa baadaye kwa majina mengine, Quickslinger na Brake-Neck, na mkusanyaji aliyekwisha kununua watano akajikuta akinunua wa sita. Takara Tomy kwa upande wake iliuza Superion nchini Japani katika boksi moja, Slingshot akiwemo. Ni vigumu kuamini kwamba kilichowezekana Tokyo kilishindikana Marekani kwa sababu za kiufundi. Kwa haki, Devastator mpya ya mwaka huohuo iliuzwa na Hasbro yote sita kwa pamoja.

Sasa vimeingia vipande vya kuiga, vingine vikichapwa kwa mashine za nyumbani. Kwa mtu anayetaka tu jitu lake lisimame kabatini, hii ni nafuu kubwa, na hakuna sababu ya kumcheka. Ubaya unaanza kipande hicho kinapochanganywa kimyakimya na roboti za 1985 na seti nzima kuuzwa kwa bei ya asili.

Kwa hiyo mwenye fedha kidogo afadhali asubiri anunue seti iliyokamilika, hata kama bei yake inatisha mwanzoni, kuliko kuanza na roboti tano za bei poa. Anayeng'ang'ania kununua moja moja aanze na ngumi na bamba, mitambo ifuate, mitambo haitakosekana. Aandike pia kila kipande alicho nacho, maana mali bila daftari huisha bila habari. Na muuzaji wa seti inayoitwa kamili, akikataa kupiga picha ngumi zote mbili na bamba la kifua, mbele na nyuma, kabla ya malipo, aachiwe bidhaa yake.