Mkulima, lipia kwanza kilichofichwa ukutani

Msimu wa kuuza mazao ukipita, sehemu kubwa ya fedha za wakulima wetu huishia kwenye nyumba. Aliyeuza mpunga hubadili mabati, aliyeuza vitunguu huweka dari, na siku hizi wengi huamua kuliingiza jiko ndani ya nyumba badala ya kuendelea kupikia kibandani. Hakuna ubaya katika hilo. Nyumba bora ni mali, na aliyetoka jasho shambani ana haki ya kuishi vizuri.

Tatizo lipo kwenye mpangilio wa matumizi. Mara nyingi fedha hutengwa kwanza kwa ajili ya kaunta ya jikoni, hasa ya graniti, kwa sababu ndiyo mgeni anayoiona akiingia. Soketi, swichi na nyaya hununuliwa mwishoni kwa chenji iliyobaki, tena zile za bei ya chini kuliko zote dukani. Kwa maoni yangu, utaratibu huu umepinduka, na unawagharimu wakulima na wafanyabiashara wadogo fedha ambazo zingerudi kwenye mtaji.

Mtu mwenye fedha kidogo anapaswa kuanza na kile ambacho kukibadili baadaye ni ghali. Kaunta inaweza kusubiri. Zege lililosakafiwa vizuri kwa saruji laini hutumika miaka kadhaa, na siku fedha ikipatikana vigae au graniti huwekwa juu yake bila kubomoa kitu. Nyaya hazina subira hiyo. Kuongeza soketi moja kabla ya lipu kunahitaji boksi, soketi yenyewe na mita chache za waya. Kuiongeza baada ya lipu, rangi na vigae kunahitaji tindo, saruji, rangi mpya, vigae vya kufanana na vile vilivyovunjika, na siku nyingine ya kumlipa fundi.

Kwa hiyo, kabla fundi hajaanza kazi, mwenye nyumba akae na familia yake waorodheshe vitu vyote vitakavyotumia umeme, vilivyopo na vinavyotarajiwa. Nyumba ya mkulima au mchuuzi ni sehemu ya kazi pia. Humo ndimo lilimo friza la samaki na barafu, blenda ya juisi za kuuza, na pengine mashine ya kuangulia vifaranga. Soketi mbili jikoni hazitoshi, na zisipotosha watu hukimbilia ekstensheni.

Hesabu yake ni rahisi. Plagi zetu za pini tatu za mraba, zinazofuata kiwango cha Uingereza kilichotolewa mwaka 1947, zina ukomo wa ampia 13. Kwa umeme wa volti 230, hiyo ni wati 2,990 tu. Birika la umeme la wati 2,000 na pasi ya wati 1,200 vikichomekwa pamoja kwenye ekstensheni moja, tayari ni wati 3,200, na friza bado halijahesabiwa. Fyuzi iliyo ndani ya plagi ipo ili ikatike mzigo unapozidi. Anayeifunga kwa kipande cha waya ili "isisumbue" ameondoa kinga, na kinachopata moto sasa ni waya wenyewe.

Friza la biashara lipewe soketi yake peke yake, mahali ambapo hakuna mtoto atakayeichomoa ili achaji simu. Mama lishe au mchuuzi wa samaki anayekuta asubuhi mzigo umeharibika hupoteza mtaji, na huo haulingani hata kidogo na bei ya soketi.

Hapo ndipo kaunta na soketi zinapokuwa uamuzi mmoja. Ni lazima urefu wa kaunta ujulikane kwenye karatasi kabla ukuta haujachimbwa. Kaunta nyingi huwa na kimo cha sentimita 90 hivi. Soketi zikae kama sentimita 15 juu yake, zisipungue sentimita 30 kutoka kwenye sinki, na zisiwe juu ya jiko. Swichi ya taa iwekwe upande wa kitasa, si nyuma ya mlango. Ya bafuni ikae nje. Taa ya ghala au banda la mifugo iwashwe kutoka ndani ya nyumba, ili ukisikia kishindo usiku usilazimike kutoka gizani kuitafuta swichi.

Nyaya nazo zina vipimo vyake. Kwa kawaida taa hupewa waya wa milimita za mraba 1.5 na soketi 2.5. Jiko la umeme huhitaji waya mnene zaidi, laini yake na swichi yake. Waya wa ethi, unaopeleka hitilafu ardhini, usirukwe hata kama taa zitawaka bila ya huo. Kikiongezwa kifaa cha kukata umeme unapovuja, kile cha miliampia 30, familia itakuwa na kinga ambayo hakuna graniti inayoweza kuitoa. Wenye mawazo ya kufunga mashine ya kusaga wasiifikirie kwenye soketi za nyumba. Hiyo ina mpango wake, na mara nyingi ni wa umeme wa njia tatu.

Wapo watakaosema kwamba graniti hudumu na huipandisha nyumba thamani. Ni kweli. Haiogopi sufuria ya moto wala limau, na kwa anayepika chakula cha kuuza, kaunta inayofutika vizuri ni kitendea kazi. Lakini achague kwa kazi, si kwa macho. Jiwe halisi la marumaru, si vile vigae ambavyo wengi huviita marumaru, huliwa na limau, ukwaju na siki, na terazo mara nyingi vivyo hivyo. Vigae ni nafuu, ila uchafu hukaa kwenye viungo. Mbao za MDF zikiingia maji huvimba na hazirudi. Hata mwenye graniti, kama nyaya zake ni mbovu, siku moja atalazimika kuivunjia ukuta au atauguza majeraha ya moto.

Katika miradi ya REA, ada ya kuunganishiwa umeme wa njia moja vijijini imekuwa shilingi 27,000. Unafuu huo ni jambo la kupongezwa, lakini unaishia kwenye mita. Kutandaza nyaya ndani ni mzigo wa mwenye nyumba, na ndipo wengi hubana fedha kwa kumchukua kijana yeyote mwenye bisibisi. Kazi hiyo ifanywe na fundi mwenye leseni ya EWURA, naye aache mchoro wa nyaya zilipopita, ili fundi wa kesho asitoboe ukuta kwa kubahatisha.

Wenye maduka ya vifaa nao wana wajibu. Waya mwembamba kuliko kipimo kilichoandikwa, au wa alumini uliopakwa shaba, si bidhaa ya bei nafuu. Ni hasara iliyoahirishwa. Mnunuzi atafute alama ya ubora ya TBS, ajaribu kuchomeka plagi kwenye soketi aone kama inashika au inachezacheza, na adai risiti inayoonyesha aina na kipimo. Muuzaji anayekwepa kuandika hayo amekwisha kujieleza.

Basi anayekarabati msimu huu afuate mpangilio huu: orodha ya vifaa, mchoro wa jiko, nyaya na maboksi, lipu, soketi na swichi za uhakika, kisha kaunta kadiri mfuko unavyoruhusu. Fedha ikikatikia kwenye kaunta, familia itakuwa na zege la kupikia mpaka mavuno yajayo. Ikikatikia kwenye nyaya, familia italala kila usiku na hatari ndani ya kuta zake.