Mafumbo ya Picha Yalikuwa Kwetu Kitambo

Juzi nilipanda matatu Thika nikashuka Ruiru kumwona dada yangu. Nilimkuta mpwa wangu, msichana wa miaka 12, amenuna. Ameletewa kutoka ng'ambo mchezo wa mafumbo ya picha: mtu hurusha dadu, husogeza kete ubaoni, kisha hufumbua maneno yaliyochorwa kwenye kadi. Kadi moja ilikuwa na neno la Kiingereza lenye maana ya kichwa, limeandikwa juu ya neno la visigino. Jibu lake? Mtu aliyependa mno!

"Mjomba, mimi ni mjinga," aliniambia.

La hasha! Fumbo la namna hii hukaa ndani ya misemo ya lugha, na asiyekulia katika misemo hiyo hana mlango wa kuingilia. Michezo kama Dingbats, iliyouzwa Uingereza miaka ya 1980, ilitungiwa watu wa huko.

Linalonisikitisha ni kwamba twangoja kuletewa, ilhali wazee wetu wa Kikuyu walikuwa na gĩcaandĩ. Hicho ni kibuyu kikavu kilichotiwa mbegu ili kilie kama kayamba, na ubavuni kimechanjwa alama. Alama hizo zilibeba mafumbo ya kishairi. Washairi wawili walishindana mbele ya watu, huyu akitega, yule akifumbua. Aliyeshindwa alipokonywa kibuyu chake. Mmisionari Vittorio Merlo Pick alichapisha kitabu juu ya mafumbo hayo mwaka 1973, na Profesa Kimani Njogu akayachambua baadaye. Ngũgĩ wa Thiong'o naye alimpa mwimbaji wa gĩcaandĩ kazi ya kusimulia riwaya yake ya 1980, Caitaani Mũtharaba-inĩ. Vitabu tunavyo, wachezaji ndio wametuadimikia.

Wako watakaosema mambo ya kale yamepitwa na wakati. Basi tuyatie kwenye kadi! Pale pale nilichukua karatasi, nikachora kibaba, ndani nikaandika HABA, HABA. Mtoto akaruka: "Haba na haba hujaza kibaba!" Kisha akanyakua kalamu, akachora mtu, shingoni akamwandika MAJI, akanitega mimi. Kununa kukaisha.

Walimu na wachoraji wa Thika na Ruiru, kazi ni hiyo. Karatasi, kalamu na misemo yetu vyatosha kuanzia. Nawe msomaji, je, umelifumbua fumbo la mpwa wangu?