WAKUBWA NAO WALIPE, TENA HADHARANI

Mtu maskini akidaiwa na asilipe, twamwita tapeli. Mtu mkubwa akidaiwa na asilipe, twaambiwa kwamba suala lake lashughulikiwa na mawakili. Neno la kwanza lamtoa mtu katika jamaa ya watu wema, na la pili lamwacha palepale alipo, katika kiti cha mbele, akiitwa mheshimiwa. Ndugu wanachama, tofauti hii ndiyo tunayotaka kuizungumza leo.

Tuanzie mbali kidogo. Tarehe 16 Februari 2024, Jaji Arthur Engoron wa New York alitoa hukumu katika kesi ya madai iliyofunguliwa na Mwanasheria Mkuu wa jimbo hilo, Bi. Letitia James, dhidi ya Bw. Donald Trump. Bw. Trump alikwisha kuwa Rais wa Marekani na alikuwa anautaka urais tena. Kosa lake lilikuwa rahisi kueleweka hata na mkulima wa Endabash. Alikuwa akiwapelekea mabenki na makampuni ya bima hesabu za mali yake zilizovimbishwa, ili apate mikopo kwa riba nafuu. Nyumba aliyokaa mwenyewe, juu kabisa katika jengo lenye jina lake, ina futi za mraba 10,996. Katika karatasi iliandikwa 30,000. Ni sawasawa na mtu wa Rhotia mwenye ekari kumi kwenda benki na karatasi ya ekari zipatazo ishirini na saba, tena akiwa na sahihi na muhuri!

Jaji alimwamuru alipe dola milioni 354.9, na riba ikipigwa ikavuka milioni 450. Kila siku iliyopita bila malipo deni liliongezeka kwa dola zipatazo 112,000, yaani zaidi ya shilingi milioni 280 kwa bei ya dola ya wakati ule. Sasa tazameni kioja. Mwaka 2023 bwana huyu alisema chini ya kiapo kwamba ana fedha taslimu zaidi ya dola milioni 400. Lakini ilipofika Machi 2024, na sheria inamtaka aweke dhamana ya deni lote wakati rufaa yake inasikilizwa, mawakili wake waliiambia mahakama kwamba jambo hilo haliwezekani, na kwamba wameyaendea makampuni 30 ya dhamana bila kufanikiwa. Mali iliyokuwa kubwa siku ya kukopa ilikuwa ndogo siku ya kulipa.

Na alisaidiwa. Tarehe 25 Machi 2024 mahakama ya rufaa iliipunguza dhamana hadi dola milioni 175 na kumpa siku kumi. Novemba mwaka huohuo alichaguliwa tena kuwa Rais. Tarehe 21 Agosti 2025 majaji wa rufaa waliifuta adhabu yote ya fedha kwa kuwa ilipita kiasi, ijapokuwa uamuzi kwamba udanganyifu ulifanyika haukufutwa. Bi. James akasema anakwenda mahakama ya juu zaidi.

Msomaji atauliza: New York yatuhusu nini sisi wa Karatu na Ngorongoro? Yatuhusu kwa jambo moja. Hata kama mwisho wake haukuwapendeza wengi, kila mtu dunia nzima alijua nani anadaiwa, anadaiwa kiasi gani, tangu lini, na riba yake ya jana ilikuwa ngapi. Deni lilikuwa na jina la mtu. Sasa turudi nyumbani tutazame madeni yetu sisi yalikuwa na majina ya nani.

Wazee wa Karatu hawajasahau mwaka 2007. Mbunge wao wa wakati ule, Dk. Wilbrod Slaa, aliyewakilisha jimbo hili tangu 1995 hadi 2010, alipiga kelele Bungeni juu ya fedha zilizokuwa zikitoka Benki Kuu, na tarehe 15 Septemba 2007, katika viwanja vya Mwembeyanga, Temeke, akasoma majina kumi na moja hadharani. Waliotajwa walikana, na wengine wakatishia kwenda mahakamani. Ni haki yao kukana, nasi hatumhukumu mtu kwa kuwa jina lake lilisomwa mkutanoni. Lakini kelele ile haikuwa ya bure. Januari 2008 Ikulu yenyewe ilitangaza matokeo ya ukaguzi. Katika mwaka wa fedha 2005/2006, kampuni 22 zililipwa shilingi bilioni 133 kutoka katika akaunti ya madeni ya nje, ile iitwayo EPA. Kampuni 13 kati ya hizo zilichota zaidi ya bilioni 90 kwa kumbukumbu za uongo. Gavana Daudi Ballali alitenguliwa, na Mei mwaka uleule akafariki huko Marekani.

Yafaa vijana waelewe akaunti ile ilikuwa ya nini, maana wengi hulitamka neno EPA kama jina la ugonjwa. Miaka ya sabini na themanini nchi ilikuwa haina fedha za kigeni. Mfanyabiashara aliyeagiza bidhaa nje alilipa kwa shilingi hapa nyumbani, na mwenye bidhaa huko ng'ambo akawa anasubiri mpaka dola zipatikane. Deni hilo likawa la taifa. Miaka ikapita, wadai wengine wakakata tamaa. Ndipo wajanja wakaja na hati za kughushi kwamba wameuziwa yale madeni, kwa hiyo wao ndio walipwe. Waliiba deni! Mwizi wa kawaida huiba kuku. Hawa waliiba haki ya mtu mwingine ya kudai kuku. Kampuni moja iliyochukua zaidi ya bilioni 40, iitwayo Kagoda, ilibeba hata neno kilimo katika jina lake, na mwenye kampuni hiyo akawa kitendawili cha nchi nzima. Sisi tunaolima ngano na maharage Mbulumbulu, na vitunguu Mang'ola, hatukuwahi kumwona shambani mkulima huyo.

Je, walifanywa nini? Agosti 2008 Rais Kikwete aliliambia Bunge kwamba zaidi ya bilioni 53 zimekwisha rudishwa, na akatoa muda hadi tarehe 31 Oktoba 2008: atakayelipa amelipa, asiyelipa ataonana na mahakama. Muda ulipokwisha, fedha zilizorudi zilikuwa kama bilioni 69. Novemba watuhumiwa wakaanza kufikishwa Kisutu. Mei 2011 Rajabu Maranda, aliyekuwa mweka hazina wa chama tawala mkoani Kigoma, alipatikana na hatia kwa shilingi bilioni 1.8 akafungwa miaka mitano. Mimi nimesomea ualimu na hesabu haziniachi nilale. Katika kila shilingi mia zilizolipwa, kesi hiyo yahusu shilingi moja na senti thelathini na tano. Kesi nyingine zilikuwapo, baadhi zikaisha kwa kifungo na nyingine kwa washtakiwa kuachiwa.

Kuna wanaosema: lakini fedha zilirudi; kama wangekamatwa siku ya kwanza, kesi zingekwenda miaka kumi na taifa lisingepata hata senti. Hoja hii ina uzito nasi hatuidharau. Bilioni 69 si maneno, na Rais aliagiza zielekezwe katika kilimo, katika pembejeo na mikopo ya wakulima. Vizuri. Lakini twauliza: kwa nini fedha zirudi bila watu? Serikali ilitaja jumla; haikutuambia fulani bin fulani amerudisha kiasi fulani tarehe fulani. Mtu alichota fedha za umma, akazitumia kwa miaka miwili au mitatu, akazirudisha kimyakimya, kesho yake akaenda zake na heshima yake yote mfukoni. Huenda ndiye aliyekuja kutuomba kura. Huenda ndiye aliyetoa mchango mkubwa katika harambee na tukampigia makofi mpaka viganja vikawasha.

Sasa mfananishe na mwananchi wa kwetu. Mama muuza mboga wa mjini Karatu akichukua laki moja katika mikopo hii iitwayo kausha damu, hapewi mpaka tarehe 31 Oktoba. Yule kijana mwenye daftari humpitia kila jioni. Akikosa siku mbili, huja wenzake, wakabeba godoro, jiko la gesi na televisheni, majirani wakitazama. Hakuna mahakama iliyokaa, hakuna wakili aliyesimama, na hakuna aliyemwuliza kama deni limepita kiasi. Jina lina maana: damu yenyewe hukauka.

Upande wa Ngorongoro mambo ni mazito zaidi. Mwaka 2022 Serikali ilisimika vigingi katika kilometa za mraba 1,500 za Loliondo, ambazo leo zaitwa Pori la Akiba Pololeti. Ng'ombe hajui kusoma kigingi. Akivuka hukamatwa, mwenyewe hutakiwa faini, na faini ikikosekana ng'ombe hupigwa mnada. Mfugaji hana Machi wala Agosti ya kusubiri rufaa. Kufikia siku rufaa itakaposikilizwa ng'ombe atakuwa amekwisha liwa mjini. Tena ng'ombe huyo ndiye ada ya mtoto, ndiye mahari, ndiye akiba ya mwaka wa ukame. Hatusemi kwamba sheria za hifadhi zisiwepo. Twasema kwamba dola iliyopata nguvu ya kumkamata ndama porini isije ikatuambia kwamba imekosa nguvu ya kulitaja jina la mtu aliyeketi ofisini.

Wengine watatuambia kwamba tunawachukia matajiri. Sivyo. Mkulima wa kahawa wa Oldeani akitajirika kwa jasho lake, na afurahi. Tunalolikataa ni uongozi kugeuzwa duka. Azimio la Arusha la Februari 1967 lilisema wazi: kiongozi asiwe na hisa katika kampuni yoyote, asiwe mkurugenzi katika kampuni ya kibepari, asiwe na mishahara miwili, asiwe na nyumba za kupangisha. Watu walicheka wakasema ni masharti ya watawa. Februari 1991 huko Zanzibar masharti hayo yakalegezwa. Tangu hapo hatuoni ajabu kiongozi kuwa na majumba, malori na hoteli. Twashangaa zaidi tukisikia hana. Na mwenye vitu vingi ana mambo mengi ya kuficha. Bw. Trump hakuponzwa na maadui. Aliponzwa na hesabu ya mali yake aliyoiidhinisha mwenyewe.

Hapa ndipo penye funzo kwetu. Nasi tunayo sheria, ile Namba 13 ya mwaka 1995, inayowataka viongozi wa umma watoe tamko la mali na madeni kila mwaka kwa Sekretarieti ya Maadili. Matamko yaandikwa, yatumwa, yatiwa kabatini. Mwananchi wa kawaida wa Nainokanoka hayaoni magazetini wala katika ubao wa matangazo wa kijiji. Lakini yeye mwenyewe asipotoa mchango wa darasa au wa zahanati, jina lake husomwa katika mkutano wa kijiji mbele ya wakwe zake. Basi kama aibu ni dawa inayofaa kwa deni la shilingi elfu kumi, kwa nini isifae kwa deni la bilioni kumi?

Kwa hiyo yako mambo ambayo chama chetu chafaa kuyadai bila kumung'unya maneno, na tuyadai hata kwa viongozi wetu wenyewe, maana kupe haulizi ng'ombe ni wa zizi gani. Kila mtu au kampuni itakayorudisha fedha ya umma, iwe kwa hukumu, iwe kwa kukiri, iwe kwa makubaliano na Serikali, itangazwe kwa jina, kiasi, tarehe na riba. Ndiyo, riba pia. Kausha damu wanaijua, Hazina haiwezi kudai kwamba haiijui. Mwenye deni kama hilo asigombee cheo chochote mpaka alimalize. Na matamko ya mali ya wabunge, madiwani na mawaziri yachapishwe, ili wanaowafahamu wapate kusema: bwana, nyumba ile twaijua, mbona hapa haimo?

Atakayejibu kwamba hilo ni kuingilia faragha ya mtu, tutamwomba afike Karatu siku ambayo kausha damu wanabeba vyombo, atuonyeshe faragha ilipo.

Makatibu wa matawi ya Rhotia, Mbulumbulu, Endabash, Oldeani na Mang'ola, pamoja na wenzao wa Endulen, Nainokanoka na Loliondo, wanaombwa kuyapeleka madai haya katika mikutano yao. Diwani au mbunge akihudhuria, aulizwe papo hapo kama yuko tayari kutuonyesha tamko lake la mwaka jana, na jibu lake, liwe ndiyo au hapana, liandikwe katika muhtasari kwa maneno yake mwenyewe.