Mhakiki ni Shahidi, Asishuhudie Asilolisoma



Umeenea katika mabaraza yetu mtindo mbaya wa mtu kukihukumu kitabu kwa jina lake. Atakwambia, "Kitabu fulani usikitie nyumbani mwako." Ukimuuliza kama amekisoma, hujibu, "Jina lake latosha." Upande wa pili wako wasomi wanaokisifu kitabu kwa kuwa mtungaji ni rafiki yao, au kwa kuwa kimekuja na mtindo mpya. Makundi haya hayapatani, lakini yote mawili yamekhini amana moja.

Chukua mfano wa Said Ahmed Mohamed, mtungaji wa Zanzibar. Riwaya zake za mwanzo, kama Asali Chungu (1977) na Utengano (1980), zilipita njia tuliyoizoea: watu kama sisi, na dhuluma za majumbani zikielezwa kama zilivyo. Katika Utengano twamwona Bwana Maksuudi, mwenye heshima mbele za watu na dhalimu nyumbani kwake, na binti yake Maimuna aliyefungiwa ndani hata akatoroka. Kisha mwaka 2001 ikatoka Babu Alipofufuka, na humo njia ile ameiacha. Babu aliyekwisha kufa anamrudia mjukuu wake K, mtu wa mali na cheo, anamtembeza na kumwonyesha alivyowasahau watu wake.

Mwenye pupa atasema: "Kufufua ni kwa Mwenyezi Mungu peke yake, basi kitabu hiki ni kufuru." Neno lake la kwanza ni haki, wala Muislamu halitilii shaka. La pili halitokani na la kwanza. Mtungaji hakudai kuwa jambo hilo limetokea, amepiga mfano. Kalila na Dimna, kitabu alichokifasiri Ibn al-Muqaffa kwa Kiarabu katika karne ya 8, kimejaa wanyama wanaosemezana na kupeana shauri. Waislamu wamekisoma karne zote hizi bila ya kuitakidi kuwa mnyama alisema kwa ulimi wa mtu. La kuuliza ni hili: mfano umepigiwa nini? Babu anamhesabu mjukuu wake kwa alivyokitumia cheo chake. Je, hesabu hiyo ni ngeni katika dini yetu?

Na nyinyi mnaoshangilia kila kipya, upya peke yake si sifa. Nguo hupimwa kwa wari na mchele kwa pishi. Anayelalamika kuwa katika riwaya ya namna hii maiti anatembea, amechukua wari kupimia mchele. Lakini anayesema kuwa mchele huu ni mpya, haupimwi kabisa, huyo ni mpunjaji, na Sura ya Al-Mutaffifin imekwisha kuwaonya wapunjaji. Pishi ya riwaya ya ajabu ni kuuliza: ajabu yake yatufikisha kwenye ukweli, au yatufichia?

Wengine huogopa kuwa kutaja ila za kitabu ni kumsengenya mtungaji. Imam Nawawi katika Riyadh as-Salihin ametaja sababu sita zinazoruhusu kutaja aibu ya mtu, na mojawapo ni kuwatahadharisha na kuwanasihi Waislamu. Wanazuoni wa Hadithi walisema wazi kuwa mpokezi huyu ni mkweli na yule ni dhaifu, lakini walisema baada ya kuchunguza. Imepokewa kuwa Ali bin al-Madini alipoulizwa juu ya baba yake mzazi, alijibu kuwa ni dhaifu. Huyo hakumpendelea baba yake. Wewe wampendelea rafiki?

Basi kazi ya uhakiki ni hii: baba na mama wasio na nafasi ya kusoma kila kitabu wajue kilichomo kabla ya kumpa kijana wao. Mhakiki aeleze kisa, aseme kimefaulu wapi na kimeteleza wapi, na chamfaa nani. Kwa Babu Alipofufuka mimi nasema: chamfaa kijana aliyepevuka, na mzazi amkumbushe kuwa khabari za barzakh hazichukuliwi katika riwaya. Unaweza kuipinga hukumu yangu, lakini ukisome kwanza.

Atakapokuja mtu barazani kwako kukisifu kitabu au kukitukana, muulize swali moja tu: "Umekisoma mpaka mwisho?" Akinyamaza, ushahidi wake umeanguka.

Wabillahi tawfiq.