Mtoto Akiomba Kipande cha Shamba

Ndugu mkulima wa Muhoroni, mtoto akikuomba mahali pa kujaribia mbegu za shule, usimfukuze. Najua wanung'unika: "Mwalimu naye kazi yake nini?" Mtaala ulioanza 2019 wataka mtoto atende na kuchunguza mwenyewe. Mimi nilipofunzwa ualimu niliambiwa niwe na jibu tayari daima. Tabia hiyo ni ngumu kuiacha.

Watazame wataalamu wa ICIPE kule Mbita, kando ya ziwa letu. Miaka ya 1990 walipanda desmodiamu kati ya mahindi ili kufukuza nondo wa kiwavi atoboaye mabua. Wakashangaa kuona gugu la kayongo nalo limepungua. Hawakulipuuza jambo hilo kwa kuwa silo walilolitafuta. Walichunguza, wakagundua kuwa mizizi ya desmodiamu huziotesha mbegu za kayongo, kisha huzizuia zisishike mizizi ya mahindi, zikafa.

Miwa yako yakaa shambani mwaka na nusu hivi. Kona ya hatua kumi haitakupunguzia hesabu. Apande maharagwe, mistari miwili kwa samadi, miwili bila. Akikuuliza kwa nini imetofautiana, usimjibu upesi. Mwulize ameona nini.