Acheni kusema hamna kipaji cha mawazo

Jamani, kuna sentensi nimeisikia mpaka masikio yanauma: "Mimi ni fundi tu, si mtu wa mawazo." Naisikia kwa waandishi wa programu wenzangu, watu wanaokesha wakiwinda hitilafu moja mpaka waipate. Huo ni uvivu uliovaa kanzu ya unyenyekevu. Samahani kama nimekugusa.

Tunadhani wazo humpanda mtu kichwani kama pepo. Haya, tuchukue M-Pesa, ambayo kila mtu huitaja kama muujiza. Majaribio yake yalianza 2005, katikati ya Nairobi, Mathare na Thika, na shabaha haikuwa kutumiana pesa hata kidogo. Ilikuwa njia ya wateja wa taasisi ya mikopo midogo kulipa madeni yao kwa simu. Wateja wakafanya yao. Wakaanza kutumiana pesa. Wengine waliziweka kabla ya safari na kuzitoa walikofika, wasije wakaibiwa njiani. Wenye mradi wakayaona hayo, wakaiweka kando habari ya mikopo, na Machi 2007 huduma ikazinduliwa kwa ujumbe mmoja tu: tuma pesa nyumbani. Tena hata kabla ya hapo, Uganda na kwingineko, watu walikuwa wakimtumia jamaa kijijini kredo ya simu, naye anaiuza apate pesa taslimu.

Sasa nionyeshe kipaji kiko wapi hapo. Watu walitazama, basi. Na kutazama hufunzwa, kama tulivyojifunza kusoma programu iliyoandikwa na mtu mwingine.

Mimi hutembea na daftari dogo. Kila nikiona mtu amejitengenezea njia yake ya kienyeji, naandika. Mama mboga anayeandika madeni ya wateja nyuma ya kalenda ya ukutani. Mweka hazina wa chama anayepiga picha ukurasa wa kitabu na kuutuma kwenye kundi la WhatsApp, ili mtu asije akakana. (Huyo ameunda kumbukumbu isiyofutika kirahisi, na hajui hata neno moja la kompyuta.) Jioni nachukua mistari miwili isiyohusiana na kuilazimisha ikae pamoja. Mara nyingi natoka na takataka. Si neno, karatasi ni rahisi.

Na msiniite kwenye mkutano wa kutoa mawazo! Mwaka 1958 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale walilinganisha watu wanne waliokaa pamoja na wanne waliofanya kazi kila mtu peke yake. Mawazo ya wale wa peke yao yalipojumlishwa, yalikuwa mengi zaidi. Kwa hiyo bosi anayewafungia chumbani na chai na maandazi, akingoja ubunifu, anapoteza maandazi.

Najua utasema wengine huzaliwa wepesi. Sawa, wapo. Lakini wewe ulijaribu kwa muda gani kabla ya kukata tamaa na kuanza kunakili programu ya Marekani, ukibadilisha rangi tu? Ukurasa wangu wa jana una mistari mitatu. Wako una mingapi?